Fadhila za Mtu kwa Punda

Likizo iliyopita mjukuu wangu, ambaye anasoma chuo mjini Dodoma, alikuja kunitazama hapa Gulwe. Jioni tulikaa nje chini ya mbuyu, na akanisimulia sinema aliyoitazama kwenye simu yake. Katika sinema hiyo dunia imeharibika. Umeme umekatika, mafuta yamekwisha, serikali hazipo tena, na watu wachache waliosalia wanahama huku na huko wakiwa juu ya farasi. Alipomaliza akaniuliza, "Babu, mambo kama hayo yakitufika sisi, nasi tutarudi kwenye farasi?"

Nilicheka. Nikamwambia, "Mtu hurudi alikotoka. Sisi kwenye farasi hatukutoka."

Yeye alilala, lakini mimi swali lake lilinikesha. Niligundua kwamba nilikuwa nimelijibu kwa mzaha jambo ambalo kwa miaka kadhaa limenikaa rohoni kama mwiba. Ndugu msomaji, niruhusu nilijibu upya, na safari hii bila mzaha.

Kwanza nieleze kwa nini farasi si wetu. Farasi ni mgeni katika nchi hizi. Asili yake ni nyika za baridi za mbali, na anapoletwa huku hupambana na maadui wawili. Wa kwanza ni ndorobo, aletaye nagana. Wa pili ni usubi, mdudu mdogo kuliko mbu, asambazaye maradhi yanayomuua farasi kwa siku chache tu. Henry Morton Stanley, alipoanza safari ya kumtafuta Livingstone mwaka 1871, alitoka Bagamoyo na farasi wawili. Wote wawili walikufa kabla hajafika mbali kutoka pwani. Alipopita hapa Mpwapwa mwezi wa Mei mwaka huo, alikuwa akiwategemea watu na punda.

Punda naye ni mwenyeji. Wataalamu wa nasaba za wanyama wanatueleza kwamba punda alifugwa kwanza katika pembe hii ya Afrika, yapata miaka 7,000 iliyopita. Huvumilia kiu ambayo ng'ombe hawezi kuivumilia, hula majani makavu ambayo farasi angeyatazama tu, na akifika kisimani hunywa upesi akarudisha alichopoteza. Kwa nchi kama Ugogo, ambako mvua huja ikipenda, huyu ndiye mnyama aliyetufaa. Kwa hiyo mjukuu wangu alipaswa kuuliza juu ya punda.

Lakini swali lake lilikuwa na kosa la pili, kubwa kuliko la kwanza. Alidhani kuharibika kwa dunia ni jambo la kesho, la kutungiwa sinema. Sisi wa huku limekwisha kutufika, tena zaidi ya mara moja.

Wazee walionilea walikuwa bado wakiitaja Mtunya kwa sauti ya chini. Hiyo ni njaa iliyoipiga Ugogo kuanzia mwaka 1917 hadi 1920. Ukame ulikuwepo, lakini ukame peke yake Wagogo walikuwa wameuzoea. Kilichowavunja ni vita ya wazungu. Mwaka 1916 majeshi ya Jenerali van Deventer, yaliyotoka kusini mwa Afrika, yaliteremka kutoka Kondoa Irangi wakiwa juu ya farasi. Mwishoni mwa Julai walikuwa Dodoma, na mwezi wa Agosti wakapita Mpwapwa wakielekea Kilosa, wakiwafukuza Wajerumani. Ilikuwa safari ya kutisha kwa wanyama. Ndorobo, maradhi na njaa viliwamaliza farasi kwa maelfu, na njia yao ikawa njia ya mizoga.

Sasa angalia, ndugu msomaji, kilichofuata. Farasi walikufa, lakini mzigo haukufa. Risasi zilipaswa kufika, na unga wa askari ulipaswa kufika. Basi mzigo ukahamia juu ya vichwa vya watu. Wajerumani walichukua wapagazi, na Waingereza nao wakachukua wapagazi. Wote wawili wakachukua ng'ombe na nafaka. Mikono ya kulima ikaondoka, akiba ghalani ikaondoka, na mvua ilipokosekana hapakuwa na kitu cha kushikilia. Watu walitawanyika ovyo wakitafuta chakula, na wako waliowatoa watoto wao kwa jamaa wa mbali ili tu waishi. Wanahistoria wamekadiria kwamba karibu mtu mmoja kati ya watano katika wilaya ya Dodoma ya wakati ule alikufa.

Hapo ndipo nilipopata funzo langu la kwanza. Tunapoogopa kuanguka kwa jamii, tunajiuliza tutapanda nini. Swali lenyewe hasa ni hili: nani atapandwa? Mzigo wa dunia haupungui kwa sababu mashine imesimama. Unatafuta mgongo mwingine, na siku zote unaanza na mgongo wa yule asiyeweza kukataa.

Mimi mwenyewe nimeona maanguko madogo. Baada ya vita ya Kagera ya 1978 na 1979, nchi yetu ilikosa fedha za kigeni, na mafuta yakawa kama dawa. Nilikuwa mwalimu kijana, nimetoka Chuo cha Ualimu miaka michache nyuma, na nimekabidhiwa shule ya msingi katika kijiji kimoja cha wilaya hii. Malori yalisimama. Sabuni ilikuwa hadithi, na unga tuliokula ulikuwa ule wa njano ambao watu waliuita yanga. Chaki na madaftari vilikaa Mpwapwa mjini vikingoja usafiri usiokuja. Siku moja mzee mmoja wa kamati ya shule aliniambia, "Mwalimu, unangoja lori la nini? Punda wangu hajui habari za petroli." Tukaenda naye usiku, kwa kukwepa jua, na tukarudi na chaki, madaftari na mfuko wa chumvi. Kwa muda wa miaka miwili hivi shule yangu iliendeshwa na punda wa mzee yule. Katika taarifa zangu za mwaka niliwashukuru Chama, Serikali na wananchi. Punda sikumwandika.

Baadaye nilinunua wangu. Alikuwa jike, mwenye alama ya msalaba mgongoni kama walivyo wengi, na mke wangu akamwita Subira. Mwanzoni mwa mwaka 1998, wakati wa mvua zile za El Niño, makorongo yote kati yetu na Mpwapwa yalijaa, barabara ikakatika, na reli nayo ikasombwa. Mke wangu alishikwa na homa kali, na zahanati haikuwa na dawa iliyotakiwa. Maji ya korongo la kwanza yalipopungua alfajiri, tulimweka juu ya Subira, nikashika kamba mbele na mwanangu akamshikilia mama yake ubavuni. Safari ambayo kwa kawaida ni ya saa tatu au nne kwa miguu ilituchukua karibu kutwa nzima. Kwenye matope mazito punda alisimama, akapima kwa kwato, kisha akachagua njia yake mwenyewe. Mara mbili nilimpiga kwa fimbo ili apite nilipotaka mimi, na mara zote mbili alikataa. Wakati wa kurudi niliona kwamba pale nilipotaka pamebomoka. Jioni tulifika hospitali, na mke wangu akapona.

Miaka kumi na minane baadaye, mwaka 2016, nilimuuza Subira.

Nieleze ilivyokuwa, bila kujipaka mafuta. Katika miaka hiyo ngozi ya punda ilikuwa imepata bei kubwa. Huko Uchina huichemsha ngozi hiyo wakapata namna ya gundi iitwayo ejiao, ambayo hutumika kama dawa ya asili na kipodozi. Machinjio ya punda yalifunguliwa katika nchi yetu na kwa majirani zetu Kenya, na wanunuzi wakazagaa vijijini. Mmoja alifika kwangu. Subira alikuwa amezeeka, na meno yake yalikuwa yamelika. Bei niliyotajiwa ilikuwa zaidi ya mara mbili ya ile tuliyoizoea. Sikuwa na njaa, kwa kuwa pensheni nilikuwa nikiipata. Nilitaka kumalizia mabati ya nyumba, na mwanangu alikuwa akitafuta fedha za kununua pikipiki. Nilijua punda anakwenda wapi. Nilipokea fedha, nikazihesabu mara mbili, na mnunuzi akamfungua kamba.

Mke wangu alikuwa amekwenda msibani. Aliporudi akakuta kamba tupu, akasimama kitambo, kisha akaniuliza swali moja tu: "Mwalimu, umemuuza kwa kilo au kwa kazi aliyofanya?"

Sikuwa na jibu, na mpaka leo sijalipata.

Waswahili wana msemo kwamba fadhila za punda ni mateke. Niliufundisha darasani kwa miaka zaidi ya thelathini, nikawaeleza watoto kwamba unamsema mtu asiye na shukrani. Wana msemo mwingine pia, kwamba punda afe, mzigo wa bwana ufike. Sikuwahi kuiweka misemo hii miwili ubavu kwa ubavu. Ukiiweka hivyo utaona kwamba mwenye kutoa mateke si yule tunayemsema. Punda anayebebeshwa mpaka afe akitupa teke moja, tunamtungia methali. Sisi tunaomla mgongo kwa miaka ishirini, kisha tukamuuza ngozi, nani atatutungia?

Najua msomaji atanipinga kwa hoja mbili, nami nilizitumia zote kujituliza.

Hoja ya kwanza ni kwamba punda ni mnyama. Hajui kwamba alinitendea wema, kwa kuwa alikwenda Mpwapwa kwa sababu ya kamba tu. Deni litatoka wapi? Nimeifikiri sana hoja hii. Lakini tazama marehemu. Baba yangu alipokufa aliacha wosia juu ya mti fulani uliokuwa mpakani mwa shamba, usikatwe. Yeye hajui kama nimeukata au sijaukata. Hata hivyo hakuna mtu mwenye akili timamu atakayesema kwamba sina wajibu juu ya wosia ule. Au mtazame mtoto mchanga aliyeachiwa urithi. Hajui kudai, wala hajui kwamba ana haki, lakini anayemla urithi wake ni mwizi. Kwa hiyo deni halitokani na uwezo wa mdai kudai. Linatokana na kile ambacho mdaiwa amekipokea. Nami nilipokea uhai wa mke wangu.

Hoja ya pili ni umaskini. Hapa natembea polepole, kwa sababu simhukumu mtu ambaye mwanawe alifukuzwa shule kwa ada au alilala njaa, akamfungua punda wake akamuuza. Huyo aliuza mgongo mmoja kuokoa mwingine. Kosa langu mimi ni jingine. Niliuza kwa sababu hali ilikuwa njema. Pikipiki ilikuwa imeingia, barabara ilikuwa kavu, treni ilikuwa ikipita, na nikaona yule wa siku mbaya sina haja naye tena. Huo ndio ugonjwa ninaotaka kuutaja kwa jina. Tunawakumbuka wa kututegemeza siku ya dhiki, na siku ya neema tunawaona ni takataka za zamani.

Na malipo ya kosa hilo hayakunipata mimi. Hilo ndilo linaloniuma zaidi. Nilipokuwa mwalimu mkuu niliisoma rejista ya mahudhurio kama vile mganga anavyosoma uso wa mgonjwa. Kuanzia Agosti, visima vya karibu vilipokauka, wasichana walianza kuchelewa, halafu kukosa siku moja, halafu mbili. Wale waliotoka nyumba zenye punda walifika mapema. Niliwaandikia wazazi barua kali juu ya uchelewaji. Basi mwaka ule ule wa 2016, mwezi wa Septemba, mjukuu wangu wa kike aliyekuwa akiishi nasi alianza kufika shuleni saa tatu. Pikipiki ilikuwepo, lakini ilikuwa barabarani ikitafuta abiria, na petroli ya kuchotea maji hakuna aliyeitoa. Mzigo wa Subira ulikuwa umehamia kichwani mwa mtoto wa miaka kumi na miwili. Ile historia ya 1916, ya farasi kufa na watu kubebeshwa, ilikuwa imejirudia uani kwangu kwa kipimo kidogo, na jenerali alikuwa mimi.

Serikali yetu ilikuja kuiona hatari hii. Mwaka 2021 uchinjaji wa punda kwa ajili ya ngozi ulipigwa marufuku kwa muda wa miaka kumi, na mwezi wa Februari 2024 wakuu wa nchi za Umoja wa Afrika, walipokutana Addis Ababa, walikubaliana kuusimamisha katika bara zima kwa miaka kumi na mitano. Walikuwa na sababu nzito. Punda hubeba mimba mwaka mzima, huzaa mmoja tu, na mwanawe huhitaji miaka kama mitatu kabla ya kubebeshwa mzigo wa maana. Si kuku. Ukimaliza punda wa kijiji kwa mwaka mmoja, hutawarudisha kwa miaka kumi.

Hapo ndipo lilipo jibu la swali la mjukuu wangu juu ya dunia kuharibika. Wanaotunga sinema hudhani kwamba siku maafa yatakapofika, mnyama atakuwepo akingoja nyuma ya nyumba, amenona na amefundishwa. La hasha. Siku ya maafa hukuta kile ulichokitunza siku ya neema, basi. Haikupi muda wa kupandisha jike na kungoja mwaka. Haikupi muda wa kujifunza kusuka shogi, kusawazisha mzigo huku na huku, kuweka godoro la magunia ili mgongo usichubuke. Vijana wengi wa hapa wanajua kubadilisha plagi ya pikipiki gizani, lakini hawajui kumfunga punda mzigo usianguke. Nao si wa kulaumiwa, kwani sisi wazee tuliouza punda tuliuza na somo lenyewe.

Isitoshe, jambo hili halihusu punda peke yake. Kutegemea ni kamba yenye ncha mbili. Jirani ambaye hukumjulia hali wakati wa mavuno, utamgongea vipi wakati wa njaa? Mwaka 2010, mafuriko yalipoisomba reli kati ya Kilosa na Gulwe na treni zikakaa miezi bila kupita, wenye biashara kubwa stesheni walikuwa wa kwanza kuhangaika. Wale waliokuwa na jamaa, mbuzi, na mtu wa kumkopa debe la mtama walitikisika lakini hawakuanguka. Jamii haianguki siku daraja linapobomoka. Huanza kuanguka siku tunapoacha kuwahesabu wale wanaobeba.

Leo ukisimama hapa Gulwe utaona reli mpya. Tangu katikati ya mwaka 2024 treni ya umeme inakimbia kati ya Dar es Salaam na Dodoma, nasi tunaisikia ikipita. Ninaifurahia. Sitaki mtu adhani kwamba mzee huyu anataka turudi gizani. Mtu aliyewahi kungoja chaki miezi mitatu hawezi kuichukia treni. Nasema tu kwamba chini ya tuta la reli ile kuna njia nyembamba ya vumbi, na alfajiri punda hupita hapo na madumu manne, kila dumu lita 20. Hizo ni kilo 80, juu ya mnyama ambaye mwenyewe hazidi sana kilo 150. Treni na punda vyote viwili vinaiendesha Gulwe. Kimoja kilizinduliwa kwa hotuba.

Mwaka 2022 nilinunua punda mwingine, jike mdogo. Tuna sheria nyumbani: madumu mawili tu, na Jumapili hafanyi kazi. Majirani walicheka, wakasema mwalimu amezeeka. Mke wangu hakucheka, wala hakumpa jina la Subira. Alisema jina lile lina mwenyewe.

Asubuhi ya pili ya likizo ile nilimwamsha mjukuu wangu mapema, nikamwambia, "Jana uliniuliza juu ya farasi. Njoo nikuonyeshe." Nilimpa kamba, nikamfundisha kuweka magunia mgongoni, kuning'iniza dumu huku na dumu kule kwa mpigo mmoja ili mnyama asiyumbe. Mara ya kwanza alikosea na maji yakamwagika. Mara ya pili akafanikiwa. Tulipokuwa njiani kurudi kutoka kisimani alitaka kumhimiza kwa fimbo, nikamshika mkono. Nikamwambia amwache apime mwenyewe.